Maombi ya Kibali cha Mto wa Mtaa Wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Usafi wa Mazingira,
Jamhuri ya Afrika Kusini,
Pretoria.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KUWA MWENYE HAKI KANDO YA MTO, YEOVILLE, JOHANNESBURG

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa sasa ni mkazi halali wa Yeoville. Naandika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Serikali yako ilitangaza mwaka 2018 kwamba lugha hii ingefundishwa shuleni kuanzia 2020, na mwaka 2019 jumuiya ya SADC ikaifanya mojawapo ya lugha zake rasmi, kwa hiyo naamini wizarani hakukosekani mtu wa kuisoma barua hii kabla haijapotea.

Naomba kibali cha mto.

Mto wenyewe haumo katika ramani zenu. Chanzo chake ni ufa kwenye lami, hatua chache juu ya lango tunapoishi. Hutoa maji masafi yaliyokwisha kutiwa klorini, masika na kiangazi. Wakati wa ukame haukauki. Hukauka siku zile tu ambazo mtaa mzima hauna maji, na hapo ndipo tunapojua kwamba mabomba yako tupu. Mwenye bomba sitamtaja, kwa kuwa hii si barua ya malalamiko. Wapo waliolalamika zamani na kila mmoja akapewa namba ya kumbukumbu kwa simu. Tunazitunza namba hizo kama watu wengine wanavyotunza hati miliki, na nakala zake naziambatanisha kuthibitisha umri wa mto.

Matumizi ya kiuchumi yapo na yanaweza kukaguliwa. Vijana wanaosha magari hapo. Mama mmoja wa Lubumbashi anaosha hapo sombe, yaani kisamvu, kabla ya kwenda kuiuza Rockey Street. Kando yake pameota majani mabichi ya namna ambayo kwingine mjini hapa hulipiwa mtunza bustani. Abiria wa teksi hawasemi tena namba ya barabara, wanasema washushwe mtoni. Nimeishi karibu na mito halisi isiyo na sifa hizo.

Nianze na jiografia, maana ndiyo yenye uzito kisheria. Yeoville iko juu ya mgongo wa Witwatersrand, na mgongo huo ndio mgawanyo wa maji wa sehemu hii ya Afrika. Mvua inayoanguka upande wa kusini huelekea mto Vaal, kisha Orange, mpaka Bahari ya Atlantiki. Inayoanguka upande wa kaskazini hushuka mto Jukskei, ambao unaanzia hapo chini yetu kuelekea Ellis Park, huingia Crocodile, huingia Limpopo, na kuishia Bahari ya Hindi pwani ya Msumbiji. Jiji lenu limekaa juu ya paa la nyumba na kushangaa kwa nini halina kisima.

Sasa, maji ya mto wangu ni mali ya Atlantiki kwa kuzaliwa. Yalitoka katika bonde la Orange, yakasukumwa kwa mashine kupanda kilima, yakapasua bomba, na yanateremkia upande wa kaskazini. Wahandisi wenu hutumia mabilioni ya randi kuhamisha maji kutoka bonde moja kwenda jingine. Ufa wetu unafanya kazi hiyohiyo bila zabuni, bila mshauri mwelekezi, bila sherehe ya kukata utepe. Naomba hilo lizingatiwe katika kutathmini maombi.

Fomu yoyote ya kibali huuliza chanzo cha maji. Wengi huandika “bomba” na kuendelea na kipengele kinachofuata. Mimi nitajaza kwa ukamilifu.

Maji yangu huanzia Lesotho, katika milima ya Maloti. Huko Katse uko ukuta wa mita 185 uliouziba mto Malibamatšo. Kutoka nyuma ya ukuta huo maji huingia chini ya mlima kwa mahandaki yenye urefu wa takriban kilomita 80, hupitia mitambo ya umeme ya ’Muela, na kutokeza Afrika Kusini karibu na mji wa Clarens, mkoani Free State. Hapo humwagwa katika mto Ash, kisha Liebenbergsvlei, kisha Wilge, mpaka bwawa la Vaal. Rand Water, shirika lililoundwa mwaka 1903, huyasafisha na kuyapandisha hadi kwenye jiji ambalo waanzilishi wake, mwaka 1886, walifuata dhahabu wala hawakuuliza mto uko wapi.

Mkataba wa safari hiyo ulitiwa saini Maseru tarehe 24 Oktoba 1986. Mwanzoni mwa mwaka huohuo serikali ya makaburu ilikuwa imeibana mipaka ya Lesotho, nchi ambayo haina jirani mwingine hata mmoja. Tarehe 20 Januari jeshi la Lesotho likampindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan, mipaka ikalegezwa, na baada ya miezi tisa kalamu zikatolewa mfukoni. Majirani zangu wa Kikongo, ambao wana uzoefu na mikataba ya mali iliyo chini ya ardhi, wanaona uhusiano. Mimi kama mwombaji mwenye adabu naona sadfa.

Januari 1998 Rais Mandela na Mfalme Letsie III walisherehekea kufika kwa maji. Septemba 22 ya mwaka huohuo majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Lesotho kwa jina la SADC, kutuliza vurugu zilizofuata uchaguzi. Vurugu zilikuwa Maseru, mji mkuu. Sehemu ya wanajeshi, hata hivyo, walikwenda Katse, milimani, kwenye bwawa, na wanajeshi wa Lesotho wakauawa hapo. Nalitaja kwa sababu fomu ina kipengele kinachouliza kama chanzo cha maji kinalindwa. Kinalindwa.

Kuhusu bei pia nina ombi. Lesotho hulipwa mrabaha ambao hesabu yake naipenda kuliko hesabu zote nilizowahi kuonyeshwa. Wataalamu walikokotoa Afrika Kusini ingetumia kiasi gani kama ingejenga mradi mwingine wa kuyachukua maji ya Orange ndani ya mipaka yake. Wakatoa gharama za mradi huu wa milimani, na tofauti wakaigawa: asilimia 56 kwa Lesotho, 44 kwa Afrika Kusini. Yaani maji yamethaminishwa kwa kutumia mradi ambao haukujengwa. Naomba na bili za mitaani zikokotolewe hivyohivyo, ili sisi tulipie tofauti kati ya maji yaliyofika na yale ambayo yangefika.

(Kuna ukurasa mmoja wa historia hii nausifu bila kejeli, na naomba karani aupite haraka usije ukaharibu barua. Mwaka 2002 mahakama ya Lesotho ilimtia hatiani kwa rushwa Masupha Sole, aliyekuwa mtendaji mkuu wa mamlaka ya mradi. Kisha nchi ile ndogo ikazigeukia kampuni zilizotoa rushwa: Acres International ya Kanada ikatiwa hatiani mwaka huohuo, Lahmeyer ya Ujerumani mwaka uliofuata. Mataifa yenye mahakama kubwa na majengo ya vioo hayakuwa na desturi hiyo.)

Sasa mnajenga ukuta mwingine, Polihali, wilayani Mokhotlong. Rais Ramaphosa na Mfalme Letsie III waliuzindua ujenzi wake Mei 2023. Ukikamilika, maji yanayoweza kuhamishwa yatapanda kutoka mita za ujazo milioni 780 kwa mwaka hadi milioni 1,270. Watu ambao mashamba na malisho yao yatazama wanabishana na mamlaka kuhusu fidia, kama walivyobishana wenzao wa mabwawa ya Katse na Mohale kabla yao, na vipo vijiji vya kandokando ya mabwawa ambavyo vilitazama maji ya Johannesburg kwa miaka mingi huku wanawake wakiteka kwenye chemchemi. Wakati huohuo, kwa taarifa zilizokwisha kutangazwa hadharani, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayoingia katika mabomba ya Johannesburg hayarudishi hata senti: yanavuja, hayapimwi au hayalipiwi. Kwa lugha ya kijijini kwetu, tunazamisha bonde la Mokhotlong ili mto wangu usipungue. Nashukuru, lakini sikuomba kiasi hicho.

Najua karani wako atajibu kwamba haki za kando ya mto zilifutwa. Nimesoma. Wakati wa sheria ya maji ya 1956, mwenye shamba linalopakana na mto alikuwa na fungu lake, na chemchemi iliyobubujika ndani ya shamba lake ilikuwa yake kama ng’ombe wake. Kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1913 ilikwisha kuamua nani anaweza kumiliki shamba na wapi, hapakuwa na haja ya kuandika neno Mzungu ndani ya sheria ya maji. Ardhi ilimaliza kazi hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Taifa ya Maji ya 1998, nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma: maji ni ya watu wote, serikali ni mdhamini, umiliki binafsi basi.

Basi, isipokuwa kifungu cha 32. Kifungu hicho kinasema kwamba aliyekuwa akitumia maji kihalali katika miaka 2 kabla ya sheria kuanza anaweza kuendelea. Ukipiga hesabu, unauliza nani alikuwa na mto, pampu na shamba mwaka 1997, na jibu huhitaji kulitafuta mbali. Umiliki ulifutwa, wamiliki wakabaki. Kikwazo changu ni kwamba mto wa mtaa wetu ulikuwa haujapasuka mwaka huo. Naomba tufikiriwe kwa huruma, maana hata wengi wetu tulikuwa hatujapasuka bado.

Halafu kuna wakulima wa Liebenbergsvlei, ambao ndio jamaa zangu wa karibu kisheria. Maji ya Katse yanapita mbele ya mashamba yao yakielekea kwetu, mengi, baridi, mchana na usiku. Baadhi yao waliweka pampu wakanyweshea bila kibali, mpaka idara yako ikalazimika kwenda kuwasaka kwa wanasheria. Mtu anayeona mto ukipita mlangoni kwake na kuamini kuwa ni wake haamini jambo la ajabu. Tofauti yangu na wao ni ndogo: wao walichukua kwanza wakaulizwa baadaye. Mimi naomba kwanza, jambo ambalo naambiwa na wenyeji linachelewesha sana.

Sitauza. Nalisema mapema kwa sababu Machi 2023 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Waziri wa Maji dhidi ya Lötter, iliamua kwamba mwenye haki ya kutumia maji hawezi kumuuzia mwenzake haki hiyo. Kabla yake wakulima waliuziana maji, na mahakama ya rufaa ilikuwa imewakubalia. Uamuzi wa mwisho naukubali kwa moyo wote. Nikimpa mama wa sombe ndoo naye akanipa sombe, naomba izingatiwe kuwa ni ujirani.

Pengine utauliza Mchagga anajua nini kuhusu haki za maji. Mheshimiwa, sisi tumegombania maji tangu kabla ya wizara kubuniwa. Kwetu mfongo, yaani mfereji, ulikuwa wa ukoo uliouchimba. Babu fulani alipanda msituni, akaona mahali mkondo unapoweza kugeuzwa, akaweka banio, akauteremsha mfereji kwenye mgongo wa kilima mpaka migombani. Ukoo wake ulitoa mzee wa mfongo, naye alipanga zamu: leo huyu, kesho yule, usiku yule mwenye shamba la chini. Mfongo ukibomoka, baragumu lililia alfajiri na watu walitoka na majembe. Asiyetoka alitozwa pombe ya mbege, au zamu yake ilirukwa. Hakuna aliyepewa namba ya kumbukumbu.

Sisemi ilikuwa peponi. Wanawake, ambao ndio waliopika kwa maji hayo, hawakutakiwa kusogelea banio. Wageni katika kijiji walisubiri vizazi kabla ya kupewa zamu. Walioishi tambarare walipata yaliyosalia, na mara nyingi yaliyosalia yalikuwa tope. Mwaka 1974 serikali yetu ikatunga sheria kwamba maji yote ni ya Jamhuri, na miaka ya 1990 Ofisi ya Bonde la Pangani ikapanda mlimani na vibali na ada. Wazee wakauliza: maji ni ya Mungu, mfongo ni wa babu zetu, je, serikali imechimba wapi? TANESCO, shirika letu la umeme, ambao mitambo yao iko chini kabisa, nao wakalalamika kwamba wakulima wa juu wanakunywa umeme. Nimekulia katikati ya mabishano hayo, na kila upande ulikuwa na hoja nzuri ilimradi umesimama mahali pake.

Hapa kwenu mahali pa kusimama pamepangwa kwa ustadi zaidi. Ukienda vitongoji vya kaskazini ya jiji, ng’ambo ya kilima chetu, utaona kwenye kuta ndefu vibao vidogo vinavyotangaza kwamba humo ndani hutumika maji ya kisima. Viliongezeka wakati wa ukame wa 2015 na 2016, jiji lilipokataza kumwagilia bustani mchana. Ni namna ya kumwambia jirani asipige simu. Sheria inaruhusu matumizi ya wastani ya nyumbani, na bustani ni nyumbani. Maji yaliyo chini ya ardhi hayajui mipaka ya viwanja, lakini mwenye fedha za kuchimba mita mia moja anajua. Mwenye fedha kidogo hununua tangi la plastiki, ambalo nyumbani tunaliita simtangi na hapa wanaliita JoJo. Asiye nazo hupanga ndoo. Machi 2024, radi ilipopiga kituo cha umeme cha Eikenhof na pampu zikasimama, sehemu kubwa za jiji zilikaa na mabomba makavu kwa siku nyingi, na ndipo watu wengi wenye kuta ndefu walipoonja kwa mara ya kwanza maisha ya wenye ndoo. Walikasirika sana, na wana haki.

Fomu inauliza pia kiasi ninachoomba. Hapa najilinda na Mahakama ya Katiba tena. Wakazi wa Phiri, Soweto, katika kesi ya Mazibuko, walilishitaki jiji kwa kuwafungia mita za kulipia kabla, ambazo familia ilipomaliza lita zake 6,000 za bure kwa mwezi zilikata maji papo hapo. Mpango huo uliitwa Gcin’amanzi, yaani tunza maji, na ulianzia Soweto; vitongoji vyenye mabwawa ya kuogelea vilibaki na bili za kulipa baadaye, pamoja na barua za onyo kabla ya kukatiwa. Mwaka 2008 Jaji Tsoka wa Mahakama Kuu akasema mita hizo ni kinyume cha katiba na kila mtu apewe lita 50 kwa siku. Mahakama ya rufaa ikashusha hadi 42. Tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O’Regan, ikalipa jiji ushindi: haki ya maji ya kutosha imo katika kifungu cha 27 cha katiba, lakini si kazi ya mahakama kusema kutosha ni lita ngapi, na sera ya jiji, iliyotoa lita 25 kwa kichwa kwa familia ya watu 8, ilikuwa ya busara.

Nimeipigia hesabu busara hiyo. Lita 25 ni kuvuta choo mara mbili na kubaki na kidogo cha kupika ugali, alimradi siku hiyo hakuna anayeoga, hakuna mgonjwa, na hakuna msiba wenye wageni. Katika Phiri uwanja mmoja ulikuwa na nyumba mbele, vibanda nyuma, na mita moja.

Kwa hiyo naomba lita 25, Mheshimiwa, kwa kila kichwa cha mtaa wetu. Siwezi kuomba zaidi ya busara ya mahakama. Kiasi kinachobaki, ambacho kwa macho tu ni mara nyingi zaidi ya hicho, naomba kiachwe kiendelee na safari yake kwenda Bahari ya Hindi, kwa kuwa hakuna mita iliyowahi kukikatia.

Upo uwezekano kwamba kabla ya kibali kutoka atatokea fundi na kuziba ufa. Naomba asitumwe bila taarifa. Nitalazimika kudai fidia chini ya kifungu cha 25 cha katiba yenu, kinacholinda mali, ingawa nimeona kifungu hichohicho kinataja kwamba maslahi ya umma ni pamoja na kuwafikishia watu wote rasilimali za nchi kwa usawa. Kipengele hicho nimeshauriwa na majirani nisikitilie maanani sana, kwa sababu kipo tangu 1996 na hakijawahi kuziba bomba.

Wako mtiifu,

Mwombaji wa kando ya mto,
Yeoville, Johannesburg.

Nakala:
Serikali ya Msumbiji, wajiandae kupokea.
Serikali ya Namibia, kwenye mlango wa mto Orange, pamoja na samahani.
Serikali ya Lesotho, pamoja na bili, kama watapenda kuijua.